Mpekuzi wa Ilondo na Mpekuzi wa Kasiso

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, Mwene Chisunga, mtawala wetu, na watu wako, wakwe zetu mliopanda kutoka Mbebe na mvua hii, ndugu zetu mliovuka mto Songwe kutoka upande wa Nyasa, na ninyi nyote mliokaa kwenye majani mabichi kwa sababu viti havikutosha, mimi ni Sadoki, mdogo wake marehemu, tumbo moja, karani wa boma kule Tukuyu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu Efraimu Anyelwisye. Nimezoea kusoma mbele ya watu matangazo ya serikali, hili sijalizoea, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Marehemu alizaliwa hapa Ibaba, chini ya mlima Ilondo, tarehe 3 Juni 1909, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Jonasi na mama Yunisi, akabatizwa tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, na katika hao saba tuliofika utu uzima tulikuwa wawili, na tangu juzi Alhamisi nimebaki mimi peke yangu.

Mwaka 1920 alianza shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1924 baba alipofariki. Kusoma alijua vizuri, hesabu alijua, ila mwandiko wake, Mungu amrehemu, ulikuwa kama kuku wamepita kwenye majivu, mwalimu alishindwa naye kabisa, na hilo nalisema mapema kwa sababu ndiko mkono wangu mimi ulikoingilia katika maisha yake.

Tarehe 12 Mei 1928 alipita hapa Mzungu mmoja aliyekusanya ndege kwa ajili ya nyumba ya makumbusho huko kwao, watu wakamwita Bwana Manyoya, na wapagazi wote walipomkimbia kwa kuona anachuna ndege asiyeliwa, kaka yangu alibaki. Bwana akamfundisha kutega, kuchuna ngozi nzima bila kung'oa unyoya, kuipaka kwa ndani sabuni ya sumu ili wadudu wasiile, kujaza pamba, kushona, na kufunga mguuni karatasi ndogo yenye tarehe na mahali ndege alipopatikana, tunayoiita lebo. Kaka aliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, akimtumia Bwana makasha bila Bwana kupanda tena milima yetu, na mikono yake ilinuka sabuni ile hata kanisani, mama zetu mliokaa benchi la nyuma yake mnakumbuka.

Sasa niseme habari ya ndoa, kwa sababu bila ndoa hii mambo mengine yasingekuwepo. Mwaka 1931 alimpenda binti Tupokigwe, mjane wetu aliyeketi hapa mbele, wa kule Mbebe chini ya mlima Kasiso, na kutoka hapa hadi kwao ni mwendo wa nusu siku, unateremka Ilondo, unavuka bonde la nyasi lenye jua kali, unapanda tena. Siku ya kupeleka posa, mshenga wetu akiwa ameshaanza kuzungumza, na desturi ikitaka mchumba akae chini, kimya, macho kwenye mkeka mpaka aulizwe, kaka yangu aliinuka mbele ya wakwe wote akaingia msituni. Tulimngoja hadi chai ikapoa. Aliporudi alikuwa na majani kichwani, akasema kwamba ndege mpekuzi wa huku anaimba vingine. Wakwe walitutoza jogoo kwa utovu wa adabu, na baba mkwe alituuliza kwa upole kama kijana wetu ana ugonjwa wowote ambao tungependa kuutaja mapema. Hata hivyo ndoa ilifungwa tarehe 20 Agosti 1932, na Mungu aliwajalia Nesta mwaka 1934, Amoni mwaka 1937, ambaye yuko njiani kutoka migodini Rhodesia na hatuwezi kumngoja tena, na Ruti aliyezaliwa mwaka 1941 akafa kwa surua akiwa na miaka miwili.

Mpekuzi wengi mnamfahamu, ni yule ndege mdogo wa kivulini anayefukua majani makavu chini ya miti mikubwa, hapendi jua, hapendi nyasi, ukikata miti hatua ishirini tu hathubutu kuvuka. Wa kwetu Ilondo ana koo la manjano na anaimba sauti mbili kisha anatetemesha, na wa Kasiso alikuwa na koo la rangi ya kutu na aliimba sauti tatu zinazoshuka, kama mtu anayeteremka ngazi. Sisi wengine tulimsikia maisha yetu yote bila kumsikiliza. Kaka alimsikiliza, na kuanzia mwaka 1933 hadi 1938, kila msimu wa kutaga, alijaribu jambo moja, akapiga mbinja ya Kasiso katika msitu wa Ilondo, na ndege wa Ilondo wakaendelea kufukua majani yao kama hawajasikia kitu, akapiga mbinja ya Ilondo palepale, na dume likaja mpaka kwenye kiatu chake likitaka vita. Alibeba madume ya Kasiso kwenye tundu la mianzi akayaweka karibu na majike ya Ilondo, siku tisa, misimu miwili, na jike hata moja halikugeuza shingo.

Niwaeleze alivyotueleza sisi, akiwa jikoni kwake akimenya viazi, maana wengi mlimcheka bila kumwelewa, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Alisema hapo zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu, msitu ulikuwa mmoja, umefunika Ilondo na bonde na Kasiso, na mpekuzi alikuwa mmoja. Kisha mvua zikapungua, bonde likakauka likawa nyasi, msitu ukapanda juu kukimbilia ukungu, na ndege wakagawanyika bila kuagana. Kila kifaranga huzaliwa na katofauti kake kadogo, huyu koo lake limekoza, yule anaimba kidogo pembeni, na kila mlima ukachagua wake, kizazi juu ya kizazi, na hakukuwa na mtu wa kuwachanganya tena. Akatukumbusha kwamba hata sisi Wandali, Walambya na Wanyiha lugha zetu zilitengana hivyohivyo, kila watu na mlima wao, ila sisi tuna masoko, tuna harusi, tuna misiba kama huu, tunarudi kuchanganyika, ndiyo maana yeye wa Ibaba alioa Mbebe na wakazaa, lakini mpekuzi hana soko wala mshenga, na baada ya muda mrefu mno hata ukimpelekea mchumba mlangoni hamjui kuwa ni mchumba. Hapo, alisema, ndipo waliokuwa aina moja wamekuwa aina mbili, na hakuna siku moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema ilikuwa siku hiyo.

Wazee wa kanisa walimwita mwaka 1936 wakamuuliza kama anapinga kwamba Mungu aliumba kila ndege kwa aina yake, naye akajibu kwamba hapingi, anachosema ni kwamba Mungu hajaondoka kazini, wakamzuia kwenye Meza ya Bwana miezi mitatu, kisha wakamrudisha, na mmoja wao ambaye simtaji kwa sababu amekaa hapa alikuwa akimfuata kwa siri amfundishe zile mbinja mbili.

Sasa nafika mahali pangu. Ngozi za wapekuzi alizotoa kaka yangu ni sitini na tatu, za milima yote miwili, na lebo zote sitini na tatu niliziandika mimi, mezani kwangu Tukuyu, kwa wino wangu, kwa sababu ya mwandiko wake niliowaambia. Alikuja na makasha, akanitajia moja moja, hii ya Ilondo, hii ya Kasiso, nami nikamwambia kaka, Ilondo na Kasiso hazipo kwenye ramani ya serikali, Mzungu wa Ulaya atazijuaje, tuandike kama boma linavyoandika. Nanyi nyote mnajua boma linavyoandika. Mtu wa hapa hatambuliwi kwa mlima wake, kitabu cha kodi kinamwandika kwa mtawala wake, hata tukikutana safarini tukiulizwa tumetoka wapi tunasema kwa Mwene fulani, na Ilondo na Kasiso zote ni za Mwene Chisunga. Basi nikaandika Kwa Mwene Chisunga, sitini na tatu, kwa mwandiko mzuri, nikajisifu. Kaka alisita kidogo, akasema wewe ndiye karani, akazifunga kwa uzi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na koti jipya.

Vita vilipoanza mwaka 1939 Bwana Manyoya alirudi kwao, kazi ikaisha, kaka akarudi kwenye shamba lake la viazi na pareto, na kila Jumamosi aliyopata alipanda Ilondo au Kasiso bila mshahara wa mtu. Mwaka 1948, watu wakiwa wameongezeka na mashamba ya ulezi yamechoka, baraza la Mwene likaamua msitu wa Kasiso ufyekwe na kugawanywa. Simlaumu Mwene, watu walikuwa na njaa, na wakwe zetu walikuwa wa kwanza kwenye orodha ya kugawiwa. Tarehe 16 Novemba kaka alisimama barazani akaomba msitu ule uachwe kwa sababu una ndege asiyekuwepo mahali pengine popote chini ya jua. Watu walicheka, mmoja akamuuliza huyo ndege atalisha watoto wa nani, na kaka akakubali kwamba hata yeye ana watoto na anakula ulezi huohuo. Lakini Bwana Misitu aliyekuwepo siku ile alisema kwamba kama makumbusho yatathibitisha kwa barua kuwa mpekuzi wa Kasiso ni aina yake peke yake, yeye ataomba sehemu ya juu iwekewe mipaka, na Mwene, nalisema hili kwa heshima mbele yake, alikubali kungoja barua.

Tukaandika, tukauliza tu kama koo la kutu ni aina yake peke yake, na milima sikuitaja kwa kuwa nilidhani lebo zangu zinatosha. Barua ikajibiwa, ikafika mezani kwangu tarehe 11 Julai 1949, nikaipandisha Ibaba mwenyewe, kaka akaita majirani, mama Tupokigwe akapika chai, nikafungua, nikaanza kuifasiri kutoka Kiingereza mbele ya watu wote. Ilisema kwamba Bwana Manyoya na wenzake wamezipima ngozi zote, kwamba tofauti ya koo wameiona, lakini ni ndege wa aina moja. Kisha ikaeleza kwa nini. Ilieleza kwamba ngozi zote zimetoka mahali pamoja, Kwa Mwene Chisunga, na ndege wa mahali pamoja wenye makoo mbalimbali ni kama kuku wa ua mmoja, huyu mwekundu, huyu mweupe, wote kuku, na kwamba kama zingetoka milima miwili tofauti, hukumu yao ingekuwa nyingine.

Sababu hiyo yote ilikuwa mstari mmoja mrefu, niliuona, nikauelewa kabla sijaumaliza, na sikuufasiri. Kidole changu kiliuruka nikaenda kwenye salamu za mwisho. Niliona haya, ndugu zangu, hakuna neno lingine, niliona haya mbele ya majirani na mbele ya koti langu. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho nilikuwa na kazi bomani.

Ufyekaji ulianza tarehe 25 Julai, matawi yakalazwa yakauke, na moto ukawashwa tarehe 9 Oktoba 1949, sisi tukauona kutoka hapa kwa siku tatu. Kutoka barua hadi moto ilikuwepo miezi mitatu kasoro siku mbili. Katika miezi hiyo mitatu kaka yangu angeweza kutega ndege kumi wa Kasiso, tukaandika Kasiso, tukapeleka, na Mwene aliyekubali kungoja barua moja pengine angengoja ya pili. Nimeipigia hesabu miezi ile kila mwaka tangu wakati huo na jibu ni lilelile.

Mwaka 1951 kaka alimkuta dume mmoja kwenye korongo lenye miti michache iliyobaki, akiimba zile sauti tatu. Majirani walimshauri amkamate ampeleke Ulaya, akakataa, akasema mmoja hathibitishi kitu, na tena huenda jike lipo mahali linasikia. Alikwenda kumsikiliza kila Jumamosi mwaka mzima. Hakuna aliyejibu. Mwezi Juni 1952 alikwenda akakuta kimya, akakaa hadi jioni, akarudi, akala, na Nesta anasema tangu siku hiyo hakupiga mbinja tena ndani ya nyumba.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 1954, ngozi ya viganja ikawa ngumu kama ya kisigino, madoa meusi yakamtoka kifuani, miguu ikafa ganzi, kisha tumbo likavimba. Daktari aliyemwona mwezi Agosti 1956 alimuuliza kama amewahi kushika sumu, naye akasema hapana, ila sabuni ya ndege, miaka kumi na moja. Daktari akasema dawa ya kurudisha miaka hiyo hana. Mwezi uliofuata, nikiwa nimeshindwa kulala kwa ajili ya jambo langu, niliandika kwa makumbusho nikakiri yote, nikaeleza kwamba kila koo la manjano ni la Ilondo na kila koo la kutu ni la Kasiso, nikaapa, nikatia sahihi, nikapiga muhuri.

Jibu lilifika tarehe 11 Machi mwaka huu. Bwana Manyoya amefariki. Aliyeshika nafasi yake anashukuru sana, anaandika kwa adabu, anasema pengine nasema kweli, lakini lebo iliyoandikwa siku za kukusanya ndiyo ushahidi, haiwezi kubadilishwa kwa kumbukumbu ya mtu baada ya miaka ishirini, na anaomba tumpelekee ngozi mpya chache kutoka Kasiso, ili shauri lifunguliwe upya.

Nilipanda hapa tarehe 12 nikamsomea kaka kitandani, safari hii sikuruka neno, nikamwambia na ule mstari wa mwaka 1949. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba siku ile alikiona kidole changu kikiruka, aliona vizuri, akadhani Wazungu wamemtukana humo na mimi namficha asiaibike mbele ya majirani, na kwa miaka minane amekuwa akinishukuru moyoni kwa wema ule. Nilimwomba msamaha, nikaomba mara ya pili, akaniomba nimgeuze aelekee ukutani, nikamgeuza. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, saa kumi na moja alfajiri, mkewe na Nesta wakiwa naye, mimi nikiwa nje. Sijui kama alinisamehe. Nimemuuliza mama Tupokigwe, naye hajui.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliompunguzia maumivu pale ambapo hawakuwa na kingine cha kumpa, inawashukuru vijana waliombeba kwa machela mara tatu kwenye njia ile ya utelezi, majirani wa Ibaba waliovuna viazi vyake kabla havijaoza, wakwe zetu wa Mbebe, karani mwenzangu Damiano aliyekaa mezani kwangu wiki hii nzima, Mchungaji, na Mwene aliyetoa ng'ombe wa msiba huu. Mungu awarudishie.

Kabla hatujamshusha nina ombi moja, si la familia, ni langu. Mliopo hapa mmetoka milima mingi, wengine mmevuka mto, wengine mnachoma mkaa na kurina asali kwenye makorongo ambako sisi hatujafika. Kama yupo kati yenu ambaye tangu mwaka 1952 amemwona mpekuzi mwenye koo la kutu, au amemsikia akiimba sauti tatu zinazoshuka, hata mara moja, hata kama hana hakika, namwomba anyooshe mkono.

Nangoja, wala msione haya, watoto pia.

Haya. Sioni mkono. Inueni vichwa, ndugu zangu, kosa si lenu. Kaka Efraimu, nimewauliza, wote, umewasikia walivyonyamaza. Pumzika, mwana wa Ilondo, pumzika kwa amani.